Maji Moto na Moshi wa Jikoni

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Kifua cha mke wangu Rael hakitapona akiendelea kuvuta moshi wa kuni. Amesema hivyo daktari wa kliniki mjini, leo saa nne. Nimeuliza mara mbili. Jibu lile lile. Dawa, kisha arudi Ijumaa ya kwanza ya Novemba.

 Rael amefika nyumbani, amebadilisha nguo, amewasha moto. Ng'ombe wanakamuliwa na viwele huoshwa kwa maji ya moto.

Jumatano, 9 Oktoba

Bonasi ya majani chai imeingia: 31,000. Ondieki, Mkisii anayeuza mitambo ya sola ya maji moto, amekuja kupima paa. Bei 52,000 na kufunga. Kinachopungua tulipe kidogo kidogo. "Mzee, jua halileti bili," anasema. Amezoea kulisema.

Kuni zinatugharimu 600 kwa mwezi. Mtambo utajilipa kwa miaka saba na ushee, tukiacha kuni kabisa. Neno "kabisa" nimelipigia mstari.

Nataka kuununua. Nimechoka kumsikia akikohoa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kwa Mwalimu Koech, jirani. Ana mtambo kama huo, mwaka mmoja sasa. Nilibeba kipimajoto cha maziwa. Saa nane mchana, digrii 58. Saa tisa mvua ya mawe, kama jana na juzi. Saa kumi na mbili, watoto wakishaoga, 36.

Mkewe alinitazama nikiandika. "Shemeji, huo mtambo ni wa Mwalimu. Yeye huoga Jumamosi mchana kama mkubwa. Sisi wengine tunamalizia na kuni." Mwalimu alicheka kuliko sote.

Jumapili, 13 Oktoba

Mwalimu amenipa karatasi mlangoni mwa kanisa; amepima maji ya mtambo wake leo. Saa kumi na moja alfajiri: digrii 24. Rael hukamua saa hiyo hiyo.

Mama, tunayeishi naye, amesikia habari wakati wa chakula. "Na vibuyu vyangu? Hiyo sola itanitolea mkaa wa senetwet?" Bila mkaa wa mti huo kibuyu hakisuguliwi. Kisiposuguliwa, hakuna mursik, maziwa yetu ya kuganda. Kwa hiyo jiko letu litawaka hata tukifunga mitambo mitatu. Nimezaliwa katika boma la mursik na sikuliweka hilo kwenye hesabu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimekaa jikoni na saa ya mkono tangu saa kumi na moja alfajiri. Moto umewaka kwa muda wa saa tatu na dakika kumi. Maji yamechukua dakika thelathini na tano. Zilizobaki ni chai, maharagwe na vibuyu vya Mama.

Nimetoka nje mara nne, macho yakiwasha. Rael hakutoka.

"Baba Chebet, miaka kumi na minne unaandikia gazeti habari za watu. Leo ndio umefika jikoni?" Rael ameuliza.

Nimeona aibu. Nilitafuta maji moto. Daktari alitaja moshi.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimemwambia Ondieki hapana. Hakukasirika. "Ukijenga Mombasa uniite."

Fundi kutoka Chepseon atajenga jiko la matofali lenye bomba la kutoa moshi juu ya paa. 4,800. Kuni zitaendelea kununuliwa. Hakuna cha kujilipa hapa. Nimekubali.

Mama hakukubali. Mdomo wa jiko hilo ni mdogo, senetwet haingii vizuri. Tumebishana hadi chai ikapoa. Mwisho: atachoma senetwet yake nje, kando ya ghala la mahindi, nami nimwekee mabati mawili juu na kiti chenye mgongo. Kiti aliongeza mwishoni, alipoona nimechoka.

Jumanne, 22 Oktoba

Jiko limekauka. Rael ameliwasha leo alfajiri. Moshi umepanda na bomba. Mwingine kidogo umebaki ndani. Fundi anasema matofali yakipata moto utaisha. Nitaona.

Rael amekohoa mara sita kabla ya chai. Sina hesabu ya zamani ya kulinganisha. Nimeanza kuandika.

Mama yuko nje chini ya mabati yake, blanketi begani, analalamikia baridi. Hataki kuingia.

Kliniki ni Ijumaa, 1 Novemba, saa tatu. Nitakwenda naye.