Majina ya Korongoni

Jumanne, 3 Julai 1956
Ukungu haukuondoka mpaka saa nne. Nimeanika kahawa, nimeianua, nimeianika tena. Mchana nikampeleka Mwalimu Hamisi kwa Bibi Tusekile, mara ya tatu sasa. Mwalimu ni mtu wa Iringa mjini, Mwislamu, anafundisha shule ya kati. Likizo yote anaimaliza huku milimani, anaandika habari za watu wetu waliouawa korongoni wakati wa vita ya Mjerumani. Yeye hajui Kinyakyusa. Bibi hajui Kiswahili. Katikati niko mimi na darasa langu la nne.

Mwalimu alitaka idadi. Bibi akakataa. Akaanza kutaja nyumba kwa nyumba, kama mtu anayepita akibisha hodi, na kila nyumba waliokuwamo, wakubwa kwa wadogo. Kichanga ambaye hakuwahi kupewa jina alimtaja kwa mama yake. Mwalimu aliandika mpaka wino ukamwishia. Akauliza wale askari walikuwa wa Mjerumani au wa Mwingereza. Bibi akacheka. "Mwambie mjukuu wangu, sikupata nafasi ya kuwauliza."

Kichwa kizito. Lakini nampenda huyu mwalimu. Anasikiliza mpaka mtu amalize.

Alhamisi, 5 Julai
Sijui kama nitaweza kuyasoma haya tena.

Leo Bibi amesema askari walivyolijua korongo. Watu walikuwa wamejificha chini kabisa kwenye mianzi, na ng'ombe wao, siku tatu. Hakuna mgeni ambaye angeijua ile njia. Kulikuwa na mtu wa kuwaonyesha. Mtu wa hapa. Akamtaja.

Ni baba yake mume wangu.

Marehemu sasa, mwaka wa nne. Mzee wa kanisa. Siku ya maziko yake watu walikuja kutoka hata Mbeya.

Kwetu mke hamtaji baba mkwe. Tangu siku ya kuolewa, jina lake halijapita mdomoni mwangu. Alipokuwa hai, nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite. Kanisa limetuondolea mengi, hili limebaki. Hata humu sitaliandika.

Mwalimu akaniuliza Bibi amesema nani. Nikainuka. Akauliza tena. Nikamwambia Bibi amechoka, twende. Bibi alikuwa ananitazama tu. Masikio yake ni mabovu, macho bado mazima.

Jumamosi, 7 Julai
Nimesema uongo.

Mwalimu alinikuta uani nachambua kahawa. Akanionyesha ukurasa wake, pale katikati ana nafasi tupu. Akaniambia kwa upole kwamba nafasi kama hiyo haikai tupu, kila msomaji atamweka humo adui yake. Nikaona kweli. Nikaona pia sura ya mume wangu.

Nikasema, Andembwisye.

Andembwisye alikwenda Chunya kutafuta dhahabu, akafia huko kabla sijaolewa. Hakuoa. Hakuacha mtoto. Nilifikiri, hana mtu wa kuumia. Mwalimu akaandika, akanishukuru. Lilitoka jepesi kabisa, kama kumsalimu mtu. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumapili, 8 Julai
Sikwenda mezani pa Bwana. Nilimwambia mume wangu, Baba Ipyana, tumbo linaniuma. Uongo wa pili.

Alhamisi, 12 Julai
Sikujua kama ndiyo desturi yake Mwalimu. Akishaandika, anawasomea wenyewe kwanza, ili wamsahihishe. Ametusomea leo shuleni, kwa Kiswahili, watu wamejaa mpaka madirishani. Bibi hakuja, miguu haimchukui tena.

Alipoanza majina tulilia. Kilio kizuri. Watu walikuwa hawajawasikia marehemu wao wakitajwa mbele ya watu miaka arobaini. Mchungaji mwenyewe alivua miwani.

Kisha akafika kwa aliyeonyesha njia. Akasoma, Andembwisye.

Vichwa vyote vikageuka kwa Mama Subi.

Mungu wangu. Ni dada yake, tumbo moja. Si kwamba sikujua. Nilijua, ila niliwahesabu watoto wa kiume, nikaona hakuna, nikafunga hesabu. Hivyo ndivyo tunavyohesabu ukoo huku. Dada sikumhesabu. Naye ni jirani yangu, tunalima pamoja, tunaomba pamoja kila Jumatano.

Alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Hakumtazama mtu.

Jumamosi, 14 Julai
Asubuhi tumekuta migomba ya Mama Subi imekatwa. Karibu yote, hata ile yenye mikungu michanga. Hakuna aliyemwona mkataji. Mtoni wanawake walimpisha kama mwenye ndui.

Wakati wa kula Baba Ipyana amesema damu ya namna ile haifai kuwa jirani. Hajawahi kunipiga, miaka ishirini na sita. Leo namwogopa. Akijua, atanirudisha kwa kaka zangu na uzee huu. Namwogopa na marehemu pia, mimi Mkristo wa toka utotoni. Kila upepo ukigusa mlango nasimama. Nawaogopa wale wenye mapanga, maana leo ni migomba.

Nimejaribu kuomba. Nafika kwenye ile amri ya kutomshuhudia jirani uongo, narudi nyuma.

Jumatatu, 16 Julai
Bibi Tusekile amefariki alfajiri.

Nitaandika ukweli humu kama hakuna pengine. Nilipoambiwa, nilipumua. Nilifurahi. Nikaenda kuteka maji, na njiani nikaelewa. Yeye peke yake ndiye aliyeponea korongoni. Alichokijua alikisema mara moja tu, na kiliingia sikioni mwangu. Mwalimu hakukielewa. Nikinyamaza sasa, uongo wangu ndio utakuwa habari yenyewe. Watoto watafundishwa.

Niliiweka ndoo chini, nikakaa.

Jumanne, 17 Julai
Tumemzika. Mama Subi alikuja na kuni na unga kama inavyotakiwa, wanawake hawakumpokea. Akaviweka kando ya ua, akakaa peke yake kwenye majani yenye umande. Jamaa mmoja akasema kwa sauti, hana haja ya kuelekezwa njia ya kurudi, si kwao wanazijua njia. Watu wakacheka, msibani.

Mimi nilikuwa nimeshika chungu. Nilikwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Mwalimu anaondoka Ijumaa kwa lori la Mbeya. Huko kitabu chake kitapigwa taipu. Ameniambia kikishapigwa kitakwenda mbali.

Alhamisi, 19 Julai
Nimelisema.

Nilimwomba Mwalimu awaite tena shuleni. Sikumwambia kwa nini. Mchungaji alikuja, na wazee, na wanawake. Mama Subi nilimfuata mwenyewe, akaja bila kunijibu. Baba Ipyana alikaa mbele, kwa sababu siku zote hukaa mbele.

Nikaeleza kwamba Andembwisye nilimtia mimi. Kwamba Bibi hakumtaja hata mara moja. Hapo watu wakaanza kunguruma. Mwalimu akauliza basi alimtaja nani. Nikafungua mdomo, mdomo ukakataa. Si kwamba sikutaka. Ulikataa, kama punda kwenye daraja. Jasho lilinitoka na baridi yote ile.

Mwalimu akanisogezea kalamu. "Andika basi, mama."

Nilitaka. Lakini ule uongo waliusikia kwa masikio. Nikarudisha kalamu. Nikamtazama mume wangu, nikalitaja jina la baba yake, Asajile.

Wanawake walijiziba midomo. Si kwa lile la korongoni. Kwa mdomo wangu. Mama mmoja mzee alitoka nje akatema mate. Baba Ipyana alibaki ameketi kidogo, kisha akasimama taratibu, akaenda zake. Mzee mwingine akasema Bibi amekufa, sasa nani atathibitisha, mwanamke huyu ameshadanganya mara moja. Ana haki. Nikamwambia sina shahidi.

Mwalimu akakata jina la Andembwisye kwa mstari mmoja, linasomeka bado. Akasema hataling'oa. Ataandika jina la kwanza, na nani alilitoa, na kwa nini, na la pili, na kwamba limepita kwangu mimi peke yangu. Nikamwambia aandike, na jina langu aliweke lote.

Mama Subi alikuja mpaka nilipokuwa. Nilijua atanipiga, nikangoja. "Wiki nzima, Mama Ipyana," akasema. "Ulikuwa unaniona."

Akaenda zake. Maneno hayo ninayo masikioni.

Ijumaa, 20 Julai
Lori limeondoka na Mwalimu. Baba Ipyana hajarudi. Wanasema yuko kwa mdogo wake. Nimefunga nguo zangu kwenye kitenge, nimeziweka karibu na mlango, ili asipate taabu ya kunifukuza.

Jumapili, 22 Julai
Amerudi jana jioni. Alikula. Akalala.

Leo asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, alikaa jikoni akasema nimsomee. Mwalimu aliniachia nakala ya mkono. Nikasoma, nyumba kwa nyumba. Nilipofika pale nikasimama, mazoea. Akalisema yeye. Taratibu, kama anamwita mtu aliyelala.

Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua. Kila mwaka, kabla ya kugusa shamba lao, baba yao aliwachukua yeye na mdogo wake kwenda kumlimia Bibi Tusekile. Mpaka jua likolee. Aliwakataza kula kwake, hata maji. Bibi aliwawekea uji, ukapoa hapo hapo. Hakuna aliyesema neno, si Bibi, si baba. "Mimi nilidhani ni huruma," alisema.

Nilimwona anatazama nje, kule kwenye visiki vya migomba ya Mama Subi. Nikainuka nikamletea jembe. Nilidhani ndilo analolitaka.

"Acha," akasema. "Baba alilima miaka yote, hakusema."

Akaenda mikono mitupu. Nilisimama kwenye kahawa yangu nikimwona nje ya ua wa Mama Subi, kofia ameivua. Mlango ulikawia sana. Kisha ukafunguliwa kiasi, hakukaribishwa, naye akaanza kusema. Sikusikia anasema nini. Kengele ya pili ikalia, nikaenda kanisani peke yangu.