Chungu Kisichopikiwa Uji

Jumamosi, baada ya soko la Nyamiaga

Devota amenichefua leo. Anauza glasi meza ya pili kutoka kwangu; katikati yetu yupo kaka mmoja anayeuza sufuria za alumini. Kasimama mbele ya wateja wangu na chungu nilichomuuzia wiki iliyopita, akakimiminia maji. "Mnaona? Kinavuja!"

Nikamuuliza, "Ulikipikia uji kwanza?" Nani Ngara hii hajui kwamba chungu kipya kinapikiwa uji kabla ya maharage, ili uzibe vitundu? Akabinua mdomo. "Mama Odilia, mimi sina muda wa kulea chungu. Glasi zangu unaosha, unanywea."

Nilichukua glasi yake moja, nikamwambia mama wa chai anijazie chai inayochemka. Ikapasuka, paa! Kidole bado kinaniuma, lakini raha niliyoipata pale...

Watu walivunjika mbavu. Devota akaanza matusi, nami nikamrudishia. Hata mama yake sikumwacha.

Tulipochoka ndipo nikageuka. Wateja wangu na wateja wake wote walikuwa wamemzunguka yule kaka wa sufuria za alumini, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo.