Waya Ambao Bado Uko Ghalani

Mwenzangu, acha unachofanya usome hapa. Natoka mkutano wa mtaa, ule wa waya wa umeme wa chini ya ardhi. Siamini masikio yangu.

Unamjua mwenyekiti wetu, yule fundi saa. Kasimama, kashika kichwa kama mfiwa. "Tangu waufukie waya huo mbele ya mlango wangu, kichwa kinanigonga. Hata kuku wangu hawatagi."

Kuku. Na watu wazima wanaitikia.

Injinia, dada mmoja mpole, akafungua daftari. "Mzee, pale tulichimba kupima udongo tu, tukafukia. Waya bado uko ghalani."

Nikasema moyoni, leo kaumbuka.

Unajua alijibu nini? "Basi kama bila waya naumwa hivi, ukija si nitakufa?"

Wakapiga makofi. Nakuapia, makofi.

Nikasimama. Nikawaambia waya huo ni wa zahanati yetu, kwamba juzi nimezalisha kwa tochi ya simu, na simu yenyewe nimeibana kwa meno. Fundi saa akanitazama kama nzi aliyeingia kwenye chai yake. "Mkunga, wanawake walizaa kabla ya umeme."

Makofi tena. Mikono ikanyooshwa, waya ukakataliwa.

Na aliyenyoosha wa kwanza ni binti yake, na tumbo lake la miezi minane.

Sawa. Siku yake ikifika sisumbuki kutafuta mtu. Baba yake ndiye atakayenishikia tochi.