Mstari Niliokufutisha

Mjukuu wangu Sauda,

Sijui simu yako imezimwa au umenizimia mimi tu. Ningekuwa na magoti ya zamani ningepanda basi nikakukuta huko Nairobi, dukani kwa mjomba wako, unakouza mabomba ya bafuni ilhali una shahada yako, nikakushika sikio mbele ya wateja. Lakini nimechoka, mwanangu. Siku hizi kutoka kitandani hadi kwenye jiko la chai ni safari nzima. Kwa hiyo naandika, mstari mmoja kisha napumzika, na barua naiacha wazi, anayetaka asome. Siku ile nilikusema getini mbele ya watu. Sitakuja leo kukuandikia kwa siri.

Unakumbuka ulipopewa ile kazi? Ulinikuta sokoni Kalerwe nachagua matoke, ukanikumbatia mikono yangu imejaa utomvu. "Bibi, chuo kimenipa programu yao ya simu niisanifu upya! Ile ya kuwapokea wanafunzi wapya." Nikakuuliza, "Kwani ya zamani imekufa?" Ukasema, "Haijafa, Bibi, ila inaua watu." Yule mama wa matoke alicheka hadi akatuongezea ndizi mbili.

Mimi sikuelewa kitu. Shule niliiacha darasa la tatu, tena si kwa ujinga, baba yangu alinitoa nikakae dukani kwake. Herufi za msahafu nilizijua. Hizi za shule zilinitoka, ukanifundisha upya wewe, ukiwa na miaka tisa, ukinigonga vidole kwa rula kama mwalimu mkuu. Nasoma. Nasoma polepole, kidole kinatangulia, lakini nasoma. Na ndiyo maana ulinichagua. "Anayesoma haraka hanisaidii," ulisema. Basi kila jioni, nikishafunga kibanda changu cha chai pale kwenye geti la chuo, tulikaa barazani, wewe na daftari lako, mimi na simu yako, na ukanikataza kukuuliza chochote.

"Jifanye umeshuka basi sasa hivi, Bibi. Wewe ni mwanafunzi mpya. Unakwenda wapi kwanza?"

"Chooni."

Ukacheka. Mimi sikucheka. Mtoto ametoka Kitgum, huko kaskazini, amekaa kwenye basi kutwa nzima, unataka akimbilie wapi, kwenye hotuba? Nikakuambia nionyeshe choo kwenye hiyo simu. Hakikuwapo. Palikuwa na picha ya mkubwa wa chuo amevaa joho, palikuwa na salamu zake ndefu, choo hapana. Ukaandika kwenye daftari. Wiki iliyofuata vyoo vyote vya chuo vilikuwa kwenye ramani, vina rangi ya buluu, na mimi nikawatangazia wauza chapati wote wa getini kwamba vile vyoo ni vyangu. Wakanipa jina: Jaja Injinia. Unajua pale kila mtu huniita Jaja, bibi kwa Kiganda. Lile la Injinia lilinikaa vizuri kuliko Jaja.

Ulinisikiliza, Sauda. Nikisema maandishi madogo, kesho yamekua. Nikisema kitufe kimejificha, kesho kiko katikati ya skrini. Nani aliwahi kunisikiliza hivyo? Babu yako, Mungu amrehemu, alinisikiliza akiwa na njaa tu. Kichwa kikanivimba. Nasema mwenyewe, sihitaji wa kunisaidia kusema.

Kisha tukafika kwenye ukurasa wa mabweni. Kwa msomaji asiyejua mtindo wa chuo kile: kila mwanafunzi hupewa jina la bweni, hata yule atakayelala kwa shangazi yake mtaani Ggaba. Ni bweni la kupigia kura na kuchezea mpira. Kitanda ni jambo jingine, na wanaokipata ni wachache. Wewe chini ya jina la bweni uliweka mstari mrefu: kuandikwa hapa si kupewa chumba, asiye na barua ya chumba atafute pa kulala kabla hajasafiri. Nilianza kuufuata kwa kidole. Macho yakachoka nusu ya njia, nikakurudishia simu.

"Mpaka mtu amalize haya maneno atakuwa ameshahitimu. Toa!"

"Bibi, huu ni muhimu."

"Muhimu kwa nani? Nani hajui mambo ya mabweni? Hata mbuzi wa pale getini anajua."

Ukatafuna kalamu. "Haya, Bibi." Ukautoa. Ukaacha alama ndogo pembeni, anayetaka kujua zaidi aibonyeze. Nani atabonyeza kitu asichojua kwamba hakijui?

Nimeuza chai pale tangu mama yako hajazaliwa. Nilidhani ninachokijua mimi, Kitgum nako wanakijua.

Siku ya kuripoti, birika la kwanza halijaisha, yakaanza kufika magodoro. Godoro juu ya boda, godoro kichwani kwa mama, godoro limefungwa kamba na ndoo na pasi. Kila aliyezuiwa na mlinzi alinyoosha simu yake: jina la bweni hili hapa, kubwa, la kupendeza, kama ulivyolisanifu. Yakajaa ukutani mpaka kwenye kibanda changu. Mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, akanijia na sanduku la bati begani, binti yake Akello anamfuata.

"Mama," akaniambia kwa Kiswahili cha kambini, "simu nasema mtoto yangu iko na nyumba hapa. Askari ya geti nasema hapana. Nani naongopa, simu ao askari?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikaanza kumsuuzia kikombe. Vijana wa boda hawakuningoja: "Jaja Injinia, tupe vyumba na sisi! Au tulale kwenye vile vyoo vyako?" Watu wakacheka, wenye magodoro hawakucheka, na hapo ndipo ulipotokea unahema, mfuko wa kompyuta begani. Nikakugeukia.

"Huyo hapo!" nilisema, na sauti yangu unaijua. "Shahada imemziba macho, watu hawaoni! Si ungeuliza hata mtu mmoja mwenye akili?"

Uliniangalia. Hukuwa na hasira. Ulikuwa unangoja, vile ulivyokuwa ukiningoja barazani nitafute kitufe mwenyewe. Na mimi nikainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Ukakaa kwenye benchi langu, ukafungua kompyuta, ukaurudisha ule mstari pale pale huku watu wanakutukana. Kisha ukamshika Akello mkono, ukamleta nyumbani, ukampa kitanda chako, wewe ukalala chini kwenye mkeka. Siku ya nne ulikuwa umeacha kazi, uko kwenye basi la Nairobi. Uliniaga vizuri, ukanibusu mkono. Hukunilaumu. Afadhali ungenilaumu, ningepata pa kukujibu.

Akello bado yuko hapa. Anakunja shuka zako vizuri kuliko ulivyozikunja wewe, na hanisikilizi hata kidogo. Nikimwambia avae sweta anasema hana baridi. Juzi tukinywa chai akasema, "Jaja, aliyeitengeneza ile programu hakufikiria watu wa mbali." Nikamwambia ni mjukuu wangu. Akaona haya, akapiga magoti, akaniomba msamaha. Mtoto wa watu, aliyekaa na sanduku lake getini nusu siku, ananiomba msamaha mimi! Ile chai sikuimaliza.

Kesho yake nikavaa baibui jipya nikaenda kwenye ofisi za chuo. Ngazi zile ni za watu wenye miguu. Nilipumzika kila ya tatu, wanafunzi wananipita kama maji. Yule bwana uliyekuwa ukimfanyia kazi akanipa kiti.

"Ule mstari niliutoa mimi," nikamwambia.

Akadhani nimechanganyikiwa. "Mama, Sauda alituandikia kwamba aliutoa mwenyewe, kwa haraka zake. Hakutaja mtu."

"Basi andika upya. Weka jina langu."

Akacheka, kwa adabu, kama mnavyowachekea wazee. Hakuamini kwamba kikongwe wa chai anaweza kuharibu kitu kikubwa hivyo. Nilikaa pale kwenye kiti chake muda mrefu kuliko nilivyohitaji kupumzika. Vyoo nilivitangaza mtaa mzima kuwa vyangu. Mstari nilikuachia uwe wako, na wewe ukaubeba hadi ofisini, ukaubeba hadi mpakani, hukuutua hata mara moja uniambie, Bibi, shika upande wa pili.

Sikuandikii urudi kwenye kazi ile. Yule bwana anasema nafasi ipo, hilo ni lako na yeye. Ninachotaka ukitoe kichwani ni huo uongo kwamba kazi ilikushinda. Mjomba wako ananiambia umewaambia huko kwamba simu na programu si mambo yako, huna jicho la watu. Unalo. Ulimwona mpaka bibi asiyejua kusoma vizuri, ukamkalisha, ukamngoja. Kosa lako ni moja, ulinitii. Na huko kutii ni mimi niliyekufundisha, kwa ukali, tangu ukiwa unatambaa. Basi nakufundisha lingine uzeeni: nikisema upuuzi, nikatalie. Nikatalie hata mbele ya wageni, nikasirike, nisuse chakula, nitapona.

Na mtu yeyote huko akikuuliza kwa nini uliacha kazi, usimwambie ulikosea, usimwambie uliharakisha. Mwambie hivi: bibi yangu alinishurutisha, kisha akanitupia lawama mimi mbele ya watu. Mtajie na jina langu, lote, na la baba yangu pia, ajue ni nani.

Msalimie mjomba wako. Kula, umekonda hata kwenye picha.

Ni mimi niliyekukosea,
Bibi yako mzaa mama
Kampala