Ngata ya Minza

Jumatatu, 12 Juni 1995
Nimefungua ghala la ushirika, nimefagia, nimekaa. Hakuna aliyeleta pamba. Wakulima wote wako kwa wanunuzi binafsi, ng'ambo ya barabara.

Nimerudia wazo langu. Kitabu cha shule kilisema vitu vyote ni punje ndogo ndani ya utupu. Mimi naona hakuna utupu. Kuna uzi tu, kila mahali, na punje ni pale uzi ulipojisokota. Ila sijui kinachouzuia usifumuke. Bila hilo sina maana ya punje, nina maneno matupu.

Mke wangu Minza angecheka. Kisha angeniambia nianze upya, polepole. Tangu tumzike hakuna anayeniuliza.

Jumatano, 14 Juni
Kimbunga cha vumbi kimepita uwanjani. Vumbi liliingia, likatoka, umbo likabaki. Nikadhani nimepata jibu. Kikagonga ua wa minyaa, kikaisha. Punje haiishi hivyo.

Ijumaa, 16 Juni
Ugali umeungua. Nimeula hivyo hivyo.

Ngata yake ya kubebea ndoo kichwani bado iko kwenye msumari, nyuma ya mlango. Kanga kuukuu iliyosokotwa duara, ncha zimefichwa ndani. Haina fundo wala mshono. Imebeba maji miaka yote, haikufumuka. Nimeitazama hadi chai ikapoa.

Jumamosi, 17 Juni
Nimeifumua. Nilitaka kuona ncha zinavyoingia. Nilidhani nitairudisha.

Sikuweza. Kila nikisokota inalegea, inafunguka. Kilikuwa kitu pekee kilichobaki kama mikono yake ilivyokiacha. Mjinga mimi.

Jumapili, 18 Juni
Sikwenda kanisani. Holo, mdogo wake Minza, amekuja kunijulia hali. Akaiona kanga mezani. Nikamweleza.

“Shemeji, mwanamume na ngata wapi na wapi?”

Akaisokota yeye. Ikafunguka. Akaacha kucheka, akapapasa mikunjo ya kitambaa.

“Kanga imezoea upande wake. Dada alikuwa mashoto. Mama alimchapa mwiko mkononi, wapi. Sisi tunaisokota kinyume.”

Nimemwona akisonga ugali kwa mkono wa kushoto maisha yetu yote. Sikuwahi kuliwaza jambo hilo. Alipoondoka Holo nimelia kidogo.

Jumanne, 20 Juni
Ghala tupu. Nimeandika:

Punje ni msokoto wa uzi uliojirudia mpaka ncha zake zikafichwa ndani yake. Haufumuki kwa sababu kila sehemu inaibana nyingine. Iko punje ya kulia, iko ya kushoto. Anayejua moja tu, nyingine itamfunguka mkononi.

Nyumbani nimeisokota kanga kwa mkono wa kushoto. Imekaa. Upande mmoja umevimba, yake haikuwa hivyo.

Jioni nimekwenda nayo kisimani. Wanawake wamenipisha. Mmoja amenitwisha ndoo. Nimerudi polepole. Maji hayakumwagika.