Mfuko Uliokaa Juu ya Kabati

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeitanguliza hapa juu kabisa, maana naogopa ukishafika katikati ya barua hii hutataka tena kuniitikia.

Goti linaendeleaje? Siku ile tunaagana nilikuona unapanda basi kwa kutanguliza mguu mmoja na kuuvuta wa pili, na utingo alipotaka kukushika mkono ukamtolea jicho mpaka akarudi nyuma ya mlango. Nikajua goti ni bovu lakini Dada ni mzima. Dawa za presha uzimeze kila siku, si zile siku unazojisikia vibaya tu. Najua utauliza fundi makochi ameanza lini udaktari. Haya, nimenyamaza.

Huku mimi mwili hauna neno. Karakana ipo palepale, kati ya duka la rangi na yule kinyozi anayefungulia redio mtaa mzima. Wiki hii navua viti vya ukumbi mmoja wa mikutano, viti arobaini, na kila nikikipasua kimoja nakuta ndani yake kalamu, vifungo, vitana, na kimoja kilikuwa na meno ya bandia. Nimeyaweka dirishani, mwenyewe akipita atayatambua. Nimekusimulia hili kwa makusudi ili ucheke kidogo, kwa sababu huko mbele hakuna cha kucheka.

Utakuwa umeshangaa kuona barua imebanwa kwa pini nje ya kifurushi. Nimeibana nje ili uisome kabla hujafungua kifungo. Ndiyo, ni Mfuko wetu wenyewe, ule wa kaki alioushona Bibi. Mwezi wa tano ulinipigia simu kuniuliza uko wapi, nikakwambia haujanifikia. Dada, ulikuwa umenifikia. Ulikuwa juu ya kabati langu, chini ya majora ya vitambaa, tangu mwezi wa tatu.

Juzi binti wa mdogo wetu Kinda aliniuliza Mfuko huu ulianzaje. Nikamweleza kama Mama alivyotueleza sisi: kwamba Bibi alikuwa na wanawe wanne katika miji minne, na barua zao zilimchosha kwa sababu kila mmoja alisoma ya mwenzake kwanza, kisha akaandika kwamba habari ni kama alivyosema kaka. Bibi akakasirika. Akashona mfuko mmoja, akaweka kifungo cheusi cha koti, akatoa amri. Mfuko utazunguka kutoka kwa mtu hadi mtu wala hautamruka yeyote. Ukikufikia, unatoa ukurasa wako wa zamani na kutia mpya. Na huruhusiwi kusoma kurasa za wenzako kabla hujaandika wako, na uandike kweli. Kurasa za zamani ziende kwenye sanduku. Mtoto akanisikiliza, kisha akauliza, je, mtu akishindwa kuandika inakuwaje? Nilijifanya natafuta mkasi.

Mama alipofariki, wewe ulilichukua sanduku, Kinda akataka kurasa zigawanywe, ukakataa, naye akakutamkia mambo ambayo mdogo hamwambii dada yake. Sitayarudia. Kila mmoja akafuta namba ya mwenzake. Miaka mitatu mmezungumza kwa Mfuko peke yake, kutoka kwako kwenda kwake, kutoka kwake kuja kwangu, kutoka kwangu kurudi kwako. Na mazungumzo yenyewe! Wewe uliandika mistari minne, yeye akajibu kwa mitatu. Wewe mvua imenyesha, yeye mvua imekatika. Mimi nilijaza kurasa mbili mbili kwa upuuzi ili Mfuko usionekane mtupu. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuukalia, na hilo nililiona, nikajua siku moja mmoja wenu ataandika mstari wa tano.

Sasa nikueleze kwa nini mimi niliukalia. Mwezi wa tatu mke wangu aliondoka. Hatukurushiana vyombo, hakuna aliyesikia. Alikunja nguo zake mchana, akaniambia amechoka kuishi na mtu ambaye kila akiulizwa jambo anajibu kwamba halina neno. Nikamwambia, halina neno. Akatoka. Siku ya tano yake mtu wa vifurushi akanipigia simu, nikaenda kuuchukua Mfuko pale stendi, nikaketi nao mezani na kalamu. Niandike nini? Kweli ilikuwa moja tu, nami sikuitaka isomwe na nyinyi wawili. Niliandika kwamba sisi huku sote wazima, nikachana. Nikaandika tena, nikachana. Nikaupandisha juu ya kabati, nikajiambia hadi Jumapili. Jumapili ikaja, nikasema ijayo. Kurasa za ndani sikuzigusa, kwa sababu sikuwa nimeandika wangu. Tazama nilivyo mtiifu, Dada. Naishika amri ya Bibi kwa kuivunja.

Mwezi wa tano ukapiga wewe, nikakwambia haujafika. Ukaguna, ukasema basi huyo Kinda ameamua kuukalia kwa jeuri, na mimi sikukukatalia. Mwezi wa sita akapiga yeye. Akaniuliza kama Mfuko ulinifikia salama. Nikamwambia ulifika zamani, nimeshausogeza kwa Dada. Akasubiri niendelee. Mimi nikamweleza habari za sponji, kwamba siku hizi sponji nzuri haipatikani. Akasema pole. Tukaagana.

Halafu ndiyo ile Jumapili mke wa Kinda aliponipigia kwamba wamemlaza. Nilifika Jumatatu asubuhi. Wodi yao ina vitanda sita na madirisha marefu, kitanda chake ni cha pembeni, na ubavuni kulikuwa na kiti cha chuma ambacho kikalio chake kimepasuka, sponji inachungulia nje. Mimi kiti kibovu hakinipiti, nikakivuta nikikague nikae. Kinda akanizuia kwa mkono. Akaniambia nikae kitandani miguuni pake, hicho kina mwenyewe, kuna mtu anakuja. Nikadhani ni muuguzi.

Alikuwa amekonda, Dada, lakini utani alikuwa nao. Alisema daktari amemwahidi kumtoa uvimbe tumboni siku ya Jumatano, na kwamba hatimaye atakuwa na tumbo dogo kuliko langu. Kisha akashika mkono wangu. Akasema anajua niliusoma ukurasa wake tangu mwezi wa tatu, nikanyamaza, na hata aliponipigia simu nikamzungumzia sponji, lakini hana kinyongo na mimi, maana tangu utotoni maneno mazito huwa yananikimbiza. Akasema na wewe pia amekuandikia yote humo humo, na nisikupigie simu kukusukuma. Ukija uje kwa moyo wako. Hata mkewe, yeye Kinda alikuwa amemkataza asikutafute.

Hapo ndipo nilipoelewa kiti kile ni cha nani.

Dada, nimeifikisha barua hapa kwa kujikokota, sasa nakupa lile ambalo nimelificha hata kwa mke wa Kinda. Mazishini ulisimama mlangoni ukalia kwamba mdogo wako ameondoka bila kukuachia hata neno moja, kwamba hata Mfuko aliukalia ili asikuandikie. Watu wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa nimekushika bega, na sikusema kitu. Huenda ukadhani kosa langu ni hilo la kabati na lile la mlangoni. Kubwa zaidi ni la Jumatatu. Pale kitandani nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa na simu mfukoni, na nilikuwa na siku mbili. Kutoka kwako hadi hospitali ni safari ya siku moja. Ningetoka tu hadi kwenye korido, nikakwambia panda basi, Kinda anakuhitaji, Mfuko ninao mimi. Ungefika Jumanne jioni.

Nilitoka hadi koridoni. Nikaitoa simu. Nikawaza utaniuliza Mfuko umekuwa wapi, na yeye ataniuliza kwa nini nilimdanganya, na mtajua wote wawili, na mke wangu nitaulizwa alipo. Nikajiambia upasuaji wenyewe si mkubwa, wiki ijayo atakuwa nyumbani, nitautuma Mfuko kimya kimya, utamkuta anapata nafuu. Nikairudisha simu mfukoni, nikaenda kununua maji ya kunywa. Niliporudi akaniuliza kama Dada amesema lolote. Nikamjibu kwamba Dada si unamjua, hana haraka. Akacheka kidogo, akageukia ukutani.

Jumanne kutwa alikuwa akitazama mlango. Kila viatu vikilia koridoni alijiinua kwa kiwiko. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba mgeni wake akitumie kile kiti, Kinda akakataa kwa upole, akasema mwenyewe anakuja, basi lake limechelewa tu. Jumatano walimpeleka, moyo ukashindwa, hakuamka. Alikwenda akidhani umeisoma barua yake ukaipuuza, na aliyemfanya adhani hivyo ni mimi.

Baada ya mazishi nilirudi nyumbani, nikaushusha Mfuko, nikaufuta vumbi. Hata hapo niliandika wangu kwanza, nusu ukurasa, kwamba mke wangu ameondoka na kwamba nimemnyima ndugu yangu dada yake. Halafu nikafungua wa Kinda. Umo humo ndani, sitakusomea wote. Ni kurasa saba, Dada. Mtu wa mistari mitatu ameandika kurasa saba. Anasema wamempa dawa za miezi mitatu kwanza, uvimbe usipopungua watampasua. Anasema sanduku ni lako, lilikuwa lako siku zote, na yale maneno anayajutia kila anapoyakumbuka, na huyakumbuka kila siku. Anasema hakutaka kugawana kurasa zote, alitaka mmoja tu, ule ambao Mama aliuandika wiki aliyozaliwa yeye, ambao sisi wakubwa tulisomewa, ila yeye hajawahi kuusikia. Aliona aibu kuuomba peke yake, ndiyo akadai mgawo. Anakuomba uje nao kabla ya upasuaji, ukae karibu naye umsomee kwa sauti yako, kwa sababu sauti yako inafanana na ya Mama.

Hicho tu ndicho alichotaka. Miaka mitatu mnanuniana kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Sikuombi unisamehe. Nimejaribu kuandika sentensi ya kuomba, ikanitoka ya uongo, nikaichana kama zile nyingine. Nakuomba mambo mawili tu. La kwanza, uutoe ukurasa ule wa Mama kwenye sanduku, umsomee binti yake. Amefika miaka kumi na minne, ana kidevu cha baba yake na ubishi wako. Ameniambia nafasi ya baba yake kwenye Mfuko ataishika yeye, na ukurasa wake ameshautia humo, ameuandika bila kuchungulia wa mtu, kama Bibi alivyotaka. Nilitaka kumwambia achungulie. Sikuweza, nikamwachia.

La pili, wewe, Dada, safari hii usiishike amri. Usitafute kalamu. Fungua kifungo umsome Kinda kwanza, leo hii, kabla hujaandika hata neno. Mimi nilisubiri niandike ndipo nisome, na umeona tulipofika.

Mke wangu nimempigia jana. Nilimweleza yote haya, na aliponiuliza mimi mwenyewe naendeleaje, nikamwambia vibaya. Hakusema atarudi. Alisema angalau leo nimejibu.

Jambo la mwisho. Wiki iliyopita nilikwenda kule wodini nikaomba kile kiti nikitengeneze. Nimekivua, nimekiwekea sponji mpya na kitambaa cha bluu kisichoshika uchafu, nimekibana vizuri chini. Nilipokirudisha, muuguzi akaniuliza kwa nini nashughulika na kiti cha hospitali wakati mgonjwa wangu ameshaondoka, kwani kiti ni cha nani. Nikamwambia ni cha dada yetu mkubwa, alikuwa hajaambiwa.

Wasalimie wanao na wajukuu, yule mdogo mwambie lile gari la mbao nalimalizia. Kinyozi anakusalimu, anasema alikuona mazishini akaogopa kukusogelea. Mke wa Kinda na binti yake wanakusalimu sana, wanasubiri sauti yako. Goti lifunge kitambaa cha moto kabla ya kulala.

Mfuko ukikaa kwako miezi minne, au miaka, sitauliza.

Ni mimi mdogo wako wa kati,
Fundi