Debora Hakusimama Mbele ya Askofu

Jumapili, alasiri. Upepo wa Mpwapwa leo hauna huruma, vumbi limeingia hadi kwenye masufuria.

Mwaka wa kumi na mbili huu nafundisha darasa la kipaimara. Leo askofu alikuja kuwawekea mikono wanafunzi wangu, na mwanangu Debora alikuwa awe mmoja wao.

Alhamisi, tukichambua mboga, aliniambia, "Mama, mimi sitasimama."

Nilidhani anaumwa.

"Askofu atauliza kama ninaamini. Sijui kama ninaamini. Nidanganye?"

Nilimfokea. Nikamkumbusha gauni jeupe aliloshonewa na bibi yake, mama wa mume wangu. Nikamwambia ataniaibisha. Ndilo neno lililonitoka. Mungu hata sikumtaja.

Akaniuliza taratibu, "Mama, kwani wewe unasali saa ngapi? Mimi nakusikiaga kanisani tu."

Nikaendelea kuchambua mboga.

Jana nilikwenda kwa mchungaji ili jina la Debora likatwe kwenye orodha. Njiani nilipanga kusingizia homa. Nilipofika nikashindwa, nikasema kweli.

"Mwalimu, watu watasema," mchungaji alinionya.

"Watasema, Baba."

Akachukua kalamu.

Leo majina yaliposomwa, mama mkwe alikaa mbele kabisa akisubiri la mjukuu wake. Halikusomwa. Akageuka akanitazama, kanisa zima likaona. Debora alikuwa kando yangu, kichwa chini. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi. Sikuuachia hadi baraka ya mwisho.

Nje nilimwendea mama mkwe. "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Sisi imani tulipewa na wazazi wetu, tukawapa ninyi. Wewe umeiangusha wapi?"

Mbele ya watoto niliowafundisha!

Tuliporudi nyumbani niliingia chumbani nikapiga magoti. Mlango sikuufunga. Maneno hayakuja, yote niliyoyajua yalikuwa ya darasani. Mwishowe nikasema kwa sauti, "Bwana, sijui nianzie wapi."

Nikasikia kandambili za Debora zikija, zikakoma mlangoni. Sikufumbua macho.

Hakuingia. Hakuondoka pia.

Sasa naandika, na swali moja linanikaba. Kesho asubuhi, kama hakuna atakayesimama pale mlangoni, nitapiga magoti?